UZI: Jina Kennedy, kutoka kingo za mto Shannon kule Ireland hadi kwetu Afrika Mashariki

Mfuatilia Nasaba (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Tarehe 5 Novemba 2023, dakika ya tatu tu ya mchezo, Kennedy Musonda aliipatia Yanga bao la kwanza dhidi ya Simba, ile siku iliyoisha tano kwa moja. Simba nayo ilikuwa na Kennedy wake kikosini, beki Kennedy Juma. Mmoja Mzambia, mwingine Mtanzania, na wote wawili wanaitwa kwa jina la ukoo wa Kiairishi uliotawala kaskazini mwa kaunti ya Tipperary kwa karne kadhaa. Kenya ndiyo usiseme. Wapenzi wa kriketi wanamkumbuka Kennedy Otieno wa Kombe la Dunia la 1996, na wa Kibera wanamjua Kennedy Odede wa shirika la SHOFCO. Huko Nyanza na Magharibi, ukiita "Kennedy!" stendi ya matatu, watageuka wangapi?

Wengi tunajua jibu la haraka: ni kwa sababu ya Rais John F. Kennedy wa Marekani. Ni kweli, lakini jibu hilo linaanzia mwishoni mwa safari. Jina lenyewe lina zaidi ya miaka elfu moja, na limefukuzwa, limekatwa, limevuka maji mara nyingi kabla ya kumfikia huyo rais. Nimelifuatilia muda mrefu na nimeona nilishushe hapa kwa vipande. Mwenye swali aulize humu humu, nitajibu ninachokijua.

Tuanze na chimbuko. Karne ya 10, kando ya mto Shannon, upande wa magharibi ambako leo ni kaunti ya Clare, kulikuwa na watu walioitwa Dál gCais. Mfalme wao aliitwa Cennétig mwana wa Lorcán, aliyefariki mwaka 951. Huyu mzee alizaa wana kadhaa, na mmoja wao ni Brian Bóruma, yule ambaye kila mtoto wa shule Ireland anamjua: mfalme mkuu wa kisiwa kizima, aliyeuawa kwenye vita vya Clontarf, Ijumaa Kuu ya tarehe 23 Aprili 1014. Wajukuu wa Brian wakajiita Ó Briain, ndio akina O'Brien wa leo.

Akina Kennedy wanatokana na kaka yake Brian, aliyeitwa Donncuan. Donncuan alimpa mwanawe jina la babu, Cennétig, kama tunavyofanya sisi, na uzao wake ukaitwa Ó Cinnéide. Kwa hiyo O'Brien na Kennedy ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Maana ya jina inabishaniwa hadi leo: wapo wanaosema ni kichwa chenye kofia ya chuma ya vita, wapo wanaosema ni kichwa kibaya cha kutisha. Kwa mtu wa vita wa karne ya 10, zote mbili zingekuwa sifa.

Jambo la kushika hapa ni muda. Kabla ya wakati huo Muairishi alitajwa kwa jina la baba yake tu, na mwanawe akatajwa kwa jina la kwake, kwa hiyo kila kizazi kilikuwa na jina jipya. Karne za 10 na 11 ndipo majina yalipoanza kuganda, ukoo mzima ukakubaliana kubeba jina la babu mmoja milele. Ó maana yake mjukuu au uzao wa, na Mac ni mwana wa. Mwaka 916 kumbukumbu za watawa zinataja kifo cha bwana mmoja wa ukoo wa Ó Cléirigh, na hilo ni miongoni mwa majina ya ukoo ya zamani kabisa Ulaya nzima. Waingereza wengi wakati huo hawakuwa na majina ya ukoo kabisa.

---

Jatelo wa Ziwani

Mkuu uzi mtamu, endelea. Swali kutoka Kisumu: hii Ó yao ina uhusiano gani na O yetu Wajaluo? Otieno, Ochieng, Odhiambo, Obama. Obama alipochaguliwa nilisikia Waairishi wakimwandika O'Bama.

---

Mfuatilia Nasaba

Jatelo, zimefanana kwa herufi tu, ndugu yangu. O yenu inamtambulisha mtoto wa kiume na A mtoto wa kike, na kinachofuata mara nyingi kinaeleza wakati au hali ya kuzaliwa: Otieno usiku, Ochieng jua likiwa juu, Odhiambo jioni. Ndugu wawili tumbo moja wanaweza kuwa Otieno na Ochieng. Ó ya Kiairishi haijali ulizaliwa lini. Inasema babu yako ni nani, basi, na ndugu wote wanaibeba ileile. Ukitaka cha kufanana nayo huku kwetu, tazama "arap" ya Wakalenjin au "bin" ya pwani, ila zile ziko karibu zaidi na Mac.

Huyo Obama nitamrudia baadaye, maana ana Uairishi wa kweli kabisa kwa upande wa mama, na kijiji chao hakiko mbali na nchi ya akina Kennedy.

---

Bint Makunduchi

Na wanawake je? Mwanamke naye anaitwa Ó, mjukuu wa kiume? Kwetu Zanzibar mimi ni binti fulani hadi naingia kaburini, kuolewa hakunibadilishi jina.

---

Mfuatilia Nasaba

Bint, umegusa penyewe. Kwa Kiairishi mwanamke haitwi Ó Cinnéide. Binti anaitwa Ní Chinnéide, na hiyo Ní ni sawasawa na binti yenu, maana imetokana na "binti wa uzao wa". Mke wa mtu wa ukoo huo anaweza kuitwa Uí Chinnéide. Tazama na herufi ya kwanza ya jina inavyolainika, C inakuwa Ch. Yupo Máire Ní Chinnéide, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Dublin mwaka 1879, ambaye ni kati ya waanzilishi wa kamogi, mchezo wa wanawake wa fimbo na mpira, na alikuwa rais wa kwanza wa chama chake. Mtu asiyejua akiona Ní Chinnéide kwenye karatasi moja na Kennedy kwenye nyingine atadhani ni koo mbili. Ni ukoo mmoja.

Kiingereza kilipotawala, tofauti hiyo ilifutika. Mume, mke, binti, wote wakaandikwa Kennedy. Mimi naona pale kuna kitu kilipotea, kwa sababu jina la zamani lilikuwa linakuonyesha mtu huyu ni binti wa nyumba ile au ameolewa pale.

Tuendelee.

Akina Kennedy hawakukaa Clare. Jamaa zao O'Brien walipopanuka, pamoja na majirani MacNamara, walibanwa hadi wakavuka mto Shannon kwenda mashariki, wakaishika nchi iliyoitwa Urmhumhain, ambayo Waingereza waliiandika Ormond. Ndiyo kaskazini mwa Tipperary ya leo, mji wake mkuu ukiwa Nenagh. Huko walikaa kama watawala kuanzia karne ya 11 hadi karne ya 16, wakapigana na familia ya Butler iliyokuja na Wanormani na kujenga ngome ya Nenagh, wakapatana nao, wakapigana tena. Ukoo ukakua hadi ukagawanyika matawi matatu yaliyotambuliwa kwa rangi: Donn ni kahawia, Fionn ni weupe, na Rua ni wekundu, ambayo kwa kawaida huwa ni rangi ya nywele za mzee aliyeanzisha tawi.

Kitu kimoja cha enzi hizo kipo hadi leo na unaweza kwenda kukitazama. Ni sanduku la kitabu cha ibada kiitwacho Misale ya Stowe. Kitabu chenyewe ni kidogo, kimeandikwa kwa Kilatini na sehemu kwa Kiairishi, karibu na mwaka 800. Karne ya 14 mkuu wa akina Kennedy, Pilib, alilifanyia ukarabati sanduku lake la mbao lililofunikwa kwa madini, na mafundi wakachora juu yake maneno ya kumwombea Pilib, mfalme wa Urmhumhain, na mkewe Áine. Wote wawili walifariki mwaka 1381. Baadaye nyakati zilipokuwa mbaya kitabu kikafichwa, na inasimuliwa kwamba karne ya 18 kilikutwa ndani ya ukuta wa ngome ya Lackeen, ngome ya akina Kennedy. Kikazunguka kwenye maktaba za mabwana wa Kiingereza, na hilo jina la Stowe ni la jumba la mmoja wao, hadi serikali ya Uingereza ilipokinunua mwaka 1883 na kukirudisha Dublin. Kitabu kipo Royal Irish Academy, na sanduku liko makumbusho ya taifa ya Ireland.

Hebu fikirini. Ngome zimebaki magofu, ardhi ilichukuliwa, lakini jina la Pilib na mkewe bado linasomeka kwenye madini baada ya zaidi ya miaka 600.

---

Chuma cha Reli

Mkuu nina hoja. Kuna sehemu nilisoma Kennedy ni jina la Uskoti, tena la mabwana wakubwa wenye majumba baharini. Nani mwenye haki hapa?

---

Mfuatilia Nasaba

Wote. Kusini magharibi mwa Uskoti, eneo la Carrick huko Ayrshire, kuna akina Kennedy wa tangu zama za kati. Walikuwa na ngome ya Dunure, kisha jumba la Culzean linalotazama bahari, na mkuu wao alipewa cheo cha Earl wa Cassillis mwaka 1509. Askofu James Kennedy wa St Andrews ndiye aliyeanzisha chuo cha St Salvator mwaka 1450. Nao jina lao ni la Kigaeli, lugha iliyokuwa ikisemwa pande zote mbili za ule mkono wa bahari, ila wao si uzao wa Donncuan wa Clare.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kuanzia mwaka 1609 serikali ya Kiingereza ilipopora ardhi ya Ulster, kaskazini mwa Ireland, na kuleta walowezi, Waskoti wengi walivuka, wakiwemo akina Kennedy. Kwa hiyo ukikutana na Kennedy wa Antrim au Down, uwezekano ni mkubwa babu zake walitoka Ayrshire. Kennedy wa Tipperary au Clare, huyo ni wa Dál gCais. Vipimo vya vinasaba navyo vinaonyesha hivyo: wanaume wengi wa koo za Dál gCais, kama O'Brien, Kennedy, Hogan na Casey, wanakutana kwenye tawi moja la upande wa baba, ambalo wataalamu wameliita R-L226. Kennedy wa asili ya Uskoti hutegemei umkute humo.

Msimamo wangu, na nitausema wazi kwa sababu naona watu wanauziwa nembo za ukoo mitandaoni kila siku: jina peke yake halikwambii kwenu ni wapi. Kinachokwambia ni kitongoji. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000 vyenye majina na mipaka inayojulikana, vingine havifiki hata ekari mia. Ukishakijua kitongoji, ndipo jina linaanza kusema.

Sasa ile Ó ilikwenda wapi.

Mwaka 1366 Waingereza waliotawala Dublin walitunga sheria za Kilkenny kuwazuia watu wao wasigeuke Waairishi kwa lugha, mavazi na majina. Ilikuwa wanajilinda. Karne moja baadaye wakageukia wenyeji. Sheria ya 1465 iliwataka Waairishi waliokaa kaunti za Dublin, Meath, Louth na Kildare wachukue majina ya Kiingereza: la mji, kama Trim, Cork au Kinsale; la rangi, kama White au Brown; la ufundi, kama Smith; au la kazi, kama Cook na Butler. Kwa hiyo Smith wengine wa Ireland ni watu wa ukoo wa wafua chuma waliobadilishwa jina, hawana damu ya Kiingereza hata kidogo.

Akina Kennedy walikuwa mbali, nje ya kaunti hizo nne, na sheria haikuwafikia. Kilichowafikia ni karne ya 17. Jeshi la Kiingereza la Oliver Cromwell lilitua mwaka 1649, na sheria ya 1652 ikawanyang'anya wamiliki Wakatoliki ardhi yao, wengine wakaamriwa wahamie Connacht, magharibi mwa Shannon, kwenye ardhi ya mawe. Kati ya 1656 na 1658 William Petty alipima nchi karibu yote ili igawiwe, na ramani zake zipo hadi sasa na mwenye ardhi wa zamani ameandikwa juu yake. Waliobaki Tipperary wakawa wapangaji kwenye mashamba ya babu zao. Unawakuta kwenye hati za kodi ya meko za miaka ya 1665 hadi 1667, shilingi mbili kwa kila meko ndani ya nyumba. Kutoka ufalme hadi kuhesabiwa meko, ndani ya vizazi vichache.

Huko ndiko Ó ilikodondokea. Karani alikuwa Mwingereza, mahakama ya Kiingereza, na mwenye Ó au Mac alijulikana mara moja kuwa ni mwenyeji na Mkatoliki. Likaandikwa Kenedy, Kennady, Kennedy, kila karani na sikio lake. Mwishoni mwa karne ya 19, harakati za kufufua lugha zilipopamba moto na chama cha lugha ya Kiairishi, Conradh na Gaeilge, kikaundwa mwaka 1893, familia nyingi ziliirudisha, ndiyo maana leo O'Brien na O'Sullivan wamejaa. Kennedy wengi hawakuirudisha. Nadhani ni kwa sababu jina lilikuwa limeshatulia masikioni bila ile O. Kwenye orodha aliyoitoa Robert Matheson kutokana na vizazi vilivyoandikishwa mwaka 1890, Kennedy lilikuwa la 16 kwa wingi Ireland nzima, na Murphy la kwanza.

---

Mkulima wa Njombe

Mkuu hapa kwenye viazi usipite haraka, sisi wengine ndiyo maisha yetu. Ile njaa ilikuwaje mpaka nchi nzima ikahama?

---

Mfuatilia Nasaba

Ugonjwa ni huohuo mnaoupigia dawa Njombe na Mbeya kila msimu wa mvua: ukungu, au baka jani chelewa. Uliingia Ireland mwaka 1845. Unajua mwenyewe unavyokwenda: jani linapata doa kama la maji, asubuhi upande wa chini una utando mweupe, siku chache shamba linanuka na viazi chini ni uji. Ninyi mna dawa na mna mahindi. Mpangaji wa Kiairishi alikuwa na kipande kidogo, nafaka na mifugo vilikwenda kulipa kodi ya mwenye ardhi, na mdomo wake ulikuwa unategemea kiazi tu. Na chakula kingine kiliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza huku watu wanakufa njiani. Hilo Waairishi hawajalisahau mpaka leo, na wana haki.

Hesabu ya 1841 iliwakuta watu 8,175,124 kisiwani. Ya 1851 ikawakuta 6,552,385. Karibu milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja waliondoka. Tipperary peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 435,000 mwaka 1841. Ilipofika 1911 walikuwa karibu 152,000. Jina likatawanyika nao: Liverpool, Quebec, New York, Boston, Melbourne. Kule Victoria, Australia, mmoja wa polisi watatu waliouawa na genge la Ned Kelly mwaka 1878 alikuwa Sajini Michael Kennedy, mzaliwa wa Ireland, na baba yake Ned Kelly alikuwa mfungwa aliyepelekwa huko kutoka Tipperary. Nchi ya mbali, bunduki pande zote mbili, na majina ya nyumbani pande zote mbili.

Tawi lililobadilisha historia halikutokea Tipperary moja kwa moja. Karibu na mwaka 1600 baadhi ya akina Kennedy walishuka kusini mashariki hadi kaunti ya Wexford. Katika kitongoji cha Dunganstown, karibu na bandari ya New Ross, alizaliwa Patrick Kennedy mnamo 1823. Alikuwa mdogo kwa kaka zake, shamba halikuwa la kwake. Miaka ya njaa akaondoka kwenda Boston, akawa fundi wa kutengeneza mapipa, na Septemba 1849 akamwoa Bridget Murphy, Mwexford mwenzake. Alifariki tarehe 22 Novemba 1858 kwa kipindupindu, akaacha mjane na watoto wadogo, wa mwisho, Patrick Joseph, akiwa hajatimiza hata mwaka.

Ningetaka watu wamtaje Bridget zaidi kuliko wanavyomtaja. Ndiye aliyefanya kazi, akafungua duka, akalea. Huyo mtoto wa mwisho, Patrick Joseph, akaanza na vibarua vya bandarini, akafungua baa, akaingia bunge la jimbo la Massachusetts. Mwanawe Joseph akatajirika na kuwa balozi Uingereza. Mwana wa Joseph, John, akawa rais mwaka 1961, Mkatoliki wa kwanza kushika kiti hicho. Juni 1963 alirudi Dunganstown, akanywa chai uani kwa binamu yake Mary Ryan, aliyezaliwa Kennedy, kwenye shamba lilelile. Miezi mitano baadaye, tarehe 22 Novemba, akauawa Dallas. Siku ileile ya mwezi aliyofariki babu wa baba yake fundi mapipa, miaka 105 kabla.

Pale New Ross leo imeegeshwa meli iitwayo Dunbrody, iliyojengwa upya kwa mfano wa zile zilizobeba watu wa njaa. Unashuka ndani unaona vitanda vya mbao vilivyopangwa juu kwa juu, familia nzima kwenye kitanda kimoja.

---

Jatelo wa Ziwani

Sasa fika kwetu mkuu. Nina mjomba, ndugu wa mama, aliyezaliwa mapema 1964 huko Nyakach akaitwa Kennedy. Nyanya alitueleza sababu: jamaa wa ukoo alikuwa amepanda ndege ya Mboya kwenda kusoma, na habari za kifo cha Kennedy zilifika nyanya akiwa mjamzito. Watu walilia kama wamefiwa na mtu wa boma.

---

Mfuatilia Nasaba

Jatelo, nyanya yako amemaliza kila kitu. Nitaongeza miaka tu.

Tom Mboya alianza mpango wa kuwapeleka vijana vyuo vya Marekani mwaka 1959, akisaidiwa na wafadhili kama Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka 1960 walikuwa wengi zaidi, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi za Rhodesia na Nyasaland, na nauli haikuwepo. Serikali ya Marekani ya wakati huo ilikuwa imekataa kulipa. Julai 1960 Mboya akaenda kumwona Seneta Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na mfuko wa familia yake ukatoa dola 100,000. Hadi mpango unaisha, wanafunzi karibu 800 walikuwa wamekwenda. Wangari Maathai alikuwamo kwenye kundi la 1960. Na kabla ya hapo alikuwa amefundishwa na masista wa Kiairishi pale Loreto Limuru, kwa hiyo Ireland ilimfikia kwa njia mbili.

Tanganyika nayo ilikuwa kati ya nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wa Peace Corps, wale wa kujitolea kutoka Marekani, mwaka 1961, na Mwalimu Nyerere alikuwa mgeni wa Kennedy Ikulu ya Marekani Julai 1963, wiki chache baada ya ile chai ya Dunganstown.

Ndipo wazazi wa huku wakaanza kulitoa jina hilo ubatizoni. Na hapa ndipo linapobadilika tabia: kwao ni jina la ukoo, kwetu limekuwa jina la mtu. Otieno, Odede, Juma na Musonda ndiyo majina ya nyumbani, na Kennedy limetangulia mbele. Marekani nako, tangu miaka ya 1990, wanawapa hata watoto wa kike.

Waairishi wenyewe walikuja Kenya kama wamisionari na walimu. Bruda Colm O'Connell, mtu wa Cork, alifika St Patrick's Iten mwaka 1976 na baadaye akamfundisha mbio David Rudisha. Lakini hakuna aliyeitwa O'Connell Kipchoge wala O'Connell Kiprop kwa sababu yake. Kennedy hakuwahi kukanyaga Kenya akiwa rais, na jina lake limejaa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote: huku jina halikuletwa na meli wala na njaa. Lililetwa na shukrani ya watu ambao watoto wao walipata shule.

---

Bint Makunduchi

Hujamrudia Obama uliyemuahidi. Na mtu akitaka kutafuta mwenyewe aanzie wapi? Nina rafiki Muscat, babu mzaa mama yake ni Muairishi aitwaye Kearney, hajui kwao wapi.

---

Mfuatilia Nasaba

Bint, bahati iliyoje, maana Obama ni huyohuyo Kearney. Babu wa mama yake, vizazi kadhaa nyuma, ni Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa kijiji cha Moneygall, aliyeondoka kwenda Marekani mwaka 1850 kwa sababu ileile ya njaa. Moneygall iko kaunti ya Offaly, mpakani kabisa na Tipperary, mwendo mfupi kwa gari kutoka Nenagh ya akina Kennedy. Obama alikwenda pale tarehe 23 Mei 2011, na leo kituo cha kupumzikia wasafiri kwenye barabara kuu ya hapo kinaitwa kwa jina lake. Ila mwambie rafiki yako asirukie kusema ni ndugu wa Obama, kwa sababu Kearney nao ni koo zaidi ya moja.

Aanze na alichonacho nyumbani: cheti cha ndoa au cha kifo cha huyo babu, barua, picha yenye maandishi nyuma. Anachotafuta ni jina la parokia au kitongoji, hata likiwa limeandikwa vibaya. Kisha aingie tovuti ya hifadhi ya nyaraka za taifa ya Ireland, asome sensa za 1901 na 1911. Ni bure, na zinaonyesha nyumba nzima: umri, dini, kazi, anajua kusoma au hajui, anasema Kiairishi au hasemi. Asitafute sensa za kabla ya hapo, atajichosha. Za 1861 na 1871 serikali iliziharibu yenyewe, za 1881 na 1891 ziligeuzwa malighafi ya karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua mwaka 1922 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka la Four Courts lilipolipuka.

Pengo hilo linazibwa na tathmini ya Griffith, iliyofanywa kati ya 1847 na 1864. Ile inaorodhesha kila mwenye nyumba au shamba kwa kitongoji, na jina la mwenye ardhi aliyempangisha. Aandike Kearney, Kerney, Carney, na O'Kearney pia, kwa sababu makarani walikuwa walewale. Akipata vitongoji viwili au vitatu vinavyowezekana, alinganishe na vitabu vya ubatizo vya parokia za Kikatoliki ambavyo maktaba ya taifa ya Ireland imeviweka mtandaoni, navyo ni bure.

Akikwama alete hapa mwaka wa kuzaliwa wa huyo babu na jina la parokia, asiweke majina ya watu walio hai. Tutaangalia pamoja.